Kome wa Baharini Watuhusu Nini Sisi wa Milimani?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa.)



Mwenyekiti aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote linalotokana na kazi yangu. Nilipomjibu kwamba nitazungumza juu ya kome, alinipigia simu siku hiyo hiyo. Akaniuliza, "Mwenzetu, huku Tukuyu kuna kome gani?" Swali lake ni la haki. Kutoka bwalo hili hadi bandari ya Dar es Salaam ni karibu kilomita 900, na wengi wenu hamjapata kumwona kome wa baharini. Nimelifanya swali lake kuwa kichwa cha mazungumzo yangu, nami nitajaribu kulijibu.

Kwanza nijieleze. Mimi si profesa. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara kwa miaka 31, nyingi kati ya hiyo nikiwa pwani. Kazi yangu ilikuwa kukusanya tope na wanyama wa baharini, kuwakausha, kuwayeyusha katika asidi, kupima, na kuandika namba. Maprofesa ndio walioziandika namba hizo katika majarida. Kwa hiyo nitasema yale niliyoyashika kwa mikono yangu na yale yanayojulikana wazi, wala sitazidisha.

BOMBA LA MRUTUTU

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kahawa ya Rungwe ilivyokuwa. Chama chetu cha ushirika kilianza mwaka 1949, na ada za wengi wetu zililipwa na kahawa. Baba yangu alikuwa na shamba dogo chini ya Mlima Rungwe. Mvua zetu, kama mjuavyo, hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na penye unyevu kuvu hustawi. Kutu ya majani na chulebuni vilikuwa adui zetu. Dawa ilikuwa ya shaba: mrututu wa buluu, na baadaye dawa nyingine za unga, nazo za shaba vile vile.

Kazi ya kubeba bomba mgongoni ilikuwa yangu. Tulipomaliza nililipeleka kijitoni, nikalisuuza na kumwaga yaliyobaki. Maji yaligeuka buluu kwa dakika chache, kisha yakawa meupe tena. Nikafurahi kwamba yametakata. Hatua mia chini yangu mama zetu walichota maji.

Kijito kile huingia Kiwira. Kiwira huingia Ziwa Nyasa. Ziwa Nyasa hutoka kwa mto Shire, Shire huingia Zambezi, na Zambezi humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, huko Msumbiji. Mito mingine, inayoteremka upande wa kaskazini wa Milima ya Uporoto, huingia Usangu, ikafuata Ruaha Mkuu na Rufiji, ikatokea baharini mkabala na Mafia. Darasani tuliyajua haya kama jiografia ya mtihani. Sikuwahi kuyaunganisha na bomba langu.

KOME NI MNYAMA GANI

Kome ni ndugu wa chaza na kombe. Ana magamba mawili yanayofunga na kufunguka kama mlango. Kwa nyuzi ngumu anazozitoa mwilini mwake hujifunga kwenye mwamba au nguzo, na akishajifunga, kwa kawaida hukaa hapo. Hawindi. Huvuta maji, huyapitisha katika matamvua yake, huchuja vijimea vidogo vidogo, kisha huyatoa. Kome mmoja mkubwa huweza kuchuja lita moja na zaidi kwa saa. Kwa siku moja na usiku wake humaliza debe.

Sasa fikirini. Mnyama anayechuja debe zima kila siku, mwaka baada ya mwaka, hupata chakula chote kilichomo, na hupata pia kila uchafu uliomo. Metali kama kadimi, risasi, zebaki, shaba na zinki hazionekani majini kwa macho, na mara nyingi kipimo cha maji chenyewe ni kidogo mno. Lakini katika nyama ya kome hujikusanya hadi kufikia maelfu ya mara kuliko katika maji yanayomzunguka. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Edward Goldberg, alipendekeza kwamba dunia itumie kome kama walinzi wa pwani: badala ya kupima maji yanayobadilika kila saa, mpime kome, naye atakwambia yaliyopita hapo kwa miezi mingi. Marekani walianza mwaka uliofuata, na nchi nyingine zikafuata njia hiyo.

Hiyo ndiyo faida yetu sisi tunaopima. Je, kome mwenyewe hupata nini?

YANAYOMPATA

Nilipelekwa Bergen, Norway, kwa mafunzo ya miezi sita. Huko ndiko nilikowafahamu kome kwa ukaribu, maana hukua kwa wingi kwenye nguzo za magati. Nitawaeleza mambo manne tuliyofundishwa.

La kwanza: akionja shaba majini, kome hufunga magamba. Ni busara, lakini mlango uliofungwa haupitishi chakula wala hewa. Uchafu ukipita upesi, atapona. Ukikaa majuma, atakonda.

La pili: mwili wake hutengeneza protini maalumu inayozishika metali na kuzifunga, kama mgambo anavyomfunga mwizi kamba. Jina lake ni metalothionini. Wanyama wengi wanayo, hata sisi binadamu. Lakini mgambo hulipwa. Nguvu inayotumika kutengeneza kinga hiyo ingetumika kukua na kutengeneza mayai. Ndiyo maana kome wa maji machafu huweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe amedumaa. Nyuzi zake hupungua na kulegea, na mawimbi humng'oa kwa urahisi.

La tatu: ukimtoa majini akae hewani, kome mwenye afya huvumilia siku kadhaa. Aliyekaa katika metali hufa mapema kuliko mwenzake. Jaribio hili halihitaji mashine yoyote. Unahitaji sinia, kitambaa kibichi, saa na daftari.

La nne ndilo lililonigusa. Mayai ya kome huelea majini, na baada ya siku mbili hivi kila kimoja huwa kitoto chenye gamba lenye umbo la herufi D. Tuliviweka vitoto hivyo katika vikombe, vingine katika maji safi, vingine katika maji yenye shaba kidogo. Ninaposema kidogo nina maana ya kiasi cha mikrogramu kumi kwa lita. Gramu moja ya shaba ingetosha kwa lita 100,000 za maji ya namna hiyo. Katika hadubini, kikombe cha maji safi kilijaa herufi D nzuri. Katika kile cha shaba niliona vitu vilivyokunjamana, vingi havina umbo kabisa. Mkubwa angeweza kufunga mlango. Mtoto bado hana mlango wa kufunga.

Nikamwuliza mwalimu wetu shaba ile tuliipimaje. Akanionyesha chupa. Ilikuwa na chembe za buluu. Ndugu zangu, ilikuwa mrututu. Nilikaa kitini, nikakumbuka bomba la baba.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba bomba letu liliua kome Msumbiji. Njia ni ndefu mno, na shaba nyingi hushikwa na udongo. Mashamba ya kahawa ya Afrika Mashariki yaliyopigwa dawa hizi kwa miaka mingi yamepimwa, na udongo wake umekutwa na shaba iliyozidi. Maana yake ni kwamba shaba haikuondoka maji yalipotakata. Metali haiozi. Kinyesi huoza, karatasi huoza, hata mafuta huliwa na vijidudu. Shaba, risasi na zebaki huhama tu kutoka mahali hadi mahali.

KOME WA MINAMATA

Wadogo zangu huenda wamelisikia jina la Minamata, mji wa Japani. Kiwanda cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki katika ghuba ya mji huo kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Mwaka 1956 ugonjwa ulitangazwa: watu walitetemeka, walipoteza kuona na kusema, na watoto walizaliwa wakiwa na ulemavu. Walikuwa wavuvi waliokula samaki na kome wa ghuba hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema mwaka 1959 kwamba chanzo ni zebaki, na kome wa Minamata walikuwa miongoni mwa ushahidi wao. Serikali ilikiri rasmi mwaka 1968. Kati ya miaka hiyo miwili, kiwanda kiliendelea kumwaga. Ushahidi ulikuwapo. Hakukuwa na aliyetaka kuusikia.

KOMBE WA MSIMBAZI

Nirudi kwetu. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita katikati ya Dar es Salaam, hupokea maji ya viwanda, gereji, machinjio na majalala, na huingia baharini karibu na Daraja la Salenda, penye mikoko. Tangu miaka ya tisini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa nje wamepima tope la mikoko ya jiji, na tope la Msimbazi limeonyesha risasi, zinki na shaba kwa kiasi kinachozidi sehemu zilizo mbali na mji. Tope ndilo ghala. Wanaolala ndani yake, kombe na wenzake, hula humo.

Siku moja ya bamvua nilikuwa katika mdomo wa kijito kimoja cha jiji, maji yametoka, nikijaza tope katika mifuko. Kina mama walikuwa wakiokota kombe. Nikamwamkia mmoja wao, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, nikaomba kununua kombe wake wa kupima. Akaniuliza ninawapima nini. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa mwanangu, nikiacha hawa, wajukuu wangu watakula nini?" Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Basi ukishapima, rudi uniambie. Kama ni wabaya nijue, kama ni wazima nijue."

Nikamwahidi kwamba nitarudi.

Tulipima. Baadhi ya namba hazikunipendeza. Nchi nyingine zina mipaka. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu kuuza kome na chaza wenye risasi inayozidi miligramu 1.5 kwa kilo ya nyama, au kadimi inayozidi miligramu 1. Taarifa yetu ilipelekwa katika ofisi moja iliyohusika, na mpaka nilipostaafu sikuona jibu. Nami niliambiwa kwamba matokeo si yangu kuyatangaza. Nikatii.

Sikurudi kwa yule mama. Ningeweza kwenda hata kumwambia, "Mama, okota upande ule mwingine, mbali na mdomo wa mto." Nauli ya basi ilikuwa ndogo. Niliona haya kwenda mikono mitupu, siku zikapita, nikahamishwa. Katika miaka yangu 31 ya kazi hilo ndilo ninalojutia kuliko yote. Nilichukua kombe wake, nikapata namba, nikamnyima namba hizo.

Yapo na mazuri. Petroli yenye risasi ilikomeshwa Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na kwa namna hiyo mlango mmoja mkubwa wa risasi ulifungwa. Unguja, katika vijiji vya Fumba na jirani zake, wapo kina mama waliojifunza kufuga chaza na kutengeneza lulu nusu na mapambo ya magamba. Kazi kama hiyo huwezekana penye maji safi tu. Maji yakiharibika, chaza hawezi kuhama, na mwenye chaza hana pa kumpeleka.

ZEBAKI YA CHUNYA

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu moja kwa moja. Babu zetu walikwenda kwa miguu Lupa, huko Chunya, tangu dhahabu ilipoanza kuchimbwa katika miaka ya ishirini ya karne iliyopita. Wajukuu wao huenda kwa basi. Najua kwamba baadhi yenu mlioketi hapa mbele, likizo ikifika, huelekea Makongolosi au Matundasi kutafuta ada. Siwalaumu. Mimi nilibeba bomba, ninyi mnabeba sululu.

Likizo iliyopita mtoto wa mdogo wangu alirudi kutoka huko. Jioni moja nikamkuta jikoni kwa mama yake ameweka kikaangio motoni, na ndani yake donge la rangi ya fedha. Nikamwuliza ni nini. Akasema, "Baba mkubwa, nachoma tu, zebaki itaruka ibaki dhahabu." Mdogo wake wa miaka minne alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

Zebaki inaruka, ni kweli. Lakini inaruka iende wapi? Inaingia mapafuni mwa mchomaji na mwa mtoto aliyesimama mlangoni. Inayobaki hutua juu ya paa, katika ndoo na katika kikaangio kitakachokaangiwa mayai kesho. Inayomwagika machimboni hufuata maji, na maji ya Lupa huingia Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto wa kutokea. Katika tope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa ya aina ile ile iliyowaua watu wa Minamata, kisha hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, mpaka kwa samaki wa mezani. Dunia ilifanya mkataba juu ya zebaki mwaka 2013, ukapewa jina la Minamata. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba ni mzuri, lakini hauwezi kuingia katika jiko la mama yako. Wewe unaweza.

MAOMBI YANGU MATATU

La kwanza ni kwa wenye mashamba, yaani karibu sote. Bomba lisioshwe mtoni, iwe kwa kahawa, nyanya au parachichi. Maji ya kusuuzia yarudishwe shambani, yapigwe juu ya mimea ile ile iliyokusudiwa. Betri kuukuu za gari zisipasuliwe uani wala kutupwa korongoni. Risasi yake itawakuta wajukuu.

La pili ni kwa wanaokwenda Chunya. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba, wala katika chombo cha kupikia, wala karibu na mtoto au mama mjamzito. Kipo chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba linaloirudisha zebaki kuwa maji maji. Mwenye mwalo asiyekuwa nacho, mwambieni anapoteza zebaki aliyoinunua kwa fedha yake. Hilo atalisikia upesi kuliko habari za kome.

La tatu ni kwa shule yetu. Vijito vyetu havina kome wa baharini, lakini vina konokono, kaa wa mtoni na wadudu wa chini ya mawe. Wapo wanaoweza kuvumilia uchafu na wapo wasioweza. Kikundi cha sayansi kikiwahesabu katika vijito viwili, kimoja juu ya mashamba na kimoja chini yake, kila muhula, baada ya miaka mitano mtakuwa na daftari la thamani kubwa. Nimekuja na hadubini yangu ya zamani. Ina mkwaruzo kwenye lenzi moja, lakini inaona. Ninaiacha kwa mwalimu wa baiolojia leo. Nawaomba wenzangu wa Umoja waongeze vipimajoto, vyandarua vya kukamatia na madaftari.

Nina sharti moja tu. Mkishahesabu, matokeo yasiishie kabatini. Yapelekeni kwa watu mliochota maji yao. Simameni kisimani, semeni kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili: tumekuta hivi. Kama hamna jibu la nini kifanyike, semeni hivyo hivyo kwamba hamna. Mtu anayekula kutoka majini ana haki ya kujua kabla ya ofisi yoyote.

Ndugu Mwenyekiti, uliniuliza kome gani huku Tukuyu. Hakuna. Lakini kome amejifunga mwambani na hupokea kila kinacholetwa na maji. Huku juu ndiko maji yanakoanzia, nasi tuna miguu, tuna mikono, na tunaweza kuamua tumwage nini.